Meli imezama na mzigo wako umo ndani: jinsi ya kudai bima bila kujimaliza mwenyewe

Mtu akipata habari kwamba meli iliyobeba mzigo wake imezama, mara nyingi anaanza na kukata tamaa halafu anafuatia na kuyapuuza makaratasi. Benki inampigia aje achukue dokumenti zake, yeye anakataa, anasema nilipie mzigo ulioko kwa samaki? Hapo ndo anapojichinja. Mzigo ukishazama, makaratasi ndo mzigo wako sasa, ndo kitu pekee kilichobaki chenye hela, na bima haikulipi eti kwa sababu meli imezama, inakulipa kwa sababu umeonyesha kwa karatasi kwamba mzigo ulikuwa wako, ulikuwa umepakiwa kwenye meli hiyo hiyo, na thamani yake ilikuwa kiasi fulani. Nimekaa kwenye kazi ya klemu za mizigo muda wa kutosha na hapa naandika vile vile ninavyomweleza mteja akikaa mbele yangu. Naongelea upande wa mwenye mzigo tu, mwenye meli ana bima zake na vita vyake.

Hatua ya 1: jua kwanza kama kweli mzigo wako ulikuwa humo

Usicheke, hili linakosewa sana. Kontena siku hizi linapanda meli moja, linashushwa bandari ya katikati, linasubiri wiki, linapandishwa nyingine, na jina la meli lililoandikwa kwenye bili ya shehena (ile karatasi ya kampuni ya meli inayoonyesha imepokea mzigo wako, tuiite BL kama kila mtu anavyoiita) mara nyingi ni la ile meli ya kwanza. Kwa hiyo unaweza kukuta unalia na mzigo wako umekaa tu bandarini unasubiri zamu, au kinyume chake, umetulia kumbe kontena lilihamishiwa kwenye meli iliyozama. Chukua namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, mwandikie kampuni ya meli au wakala wake akuthibitishie kwa maandishi kwamba kontena hilo lilipakiwa meli fulani, safari namba fulani, tarehe fulani. Na meli yenyewe itambue kwa namba yake ya IMO, yaani namba ya utambulisho ya kimataifa ya meli, ni tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikiuzwa na kubadilishwa jina mara tano, maana majina ya meli yanafanana kuliko unavyodhani.

Jua pia kwamba kuzama siyo lazima kuwe tukio la dakika kumi. MOL Comfort ilikatika vipande viwili kwenye Bahari ya Hindi tarehe 17 Juni 2013 ikiwa na makontena zaidi ya 4,000, kipande cha nyuma kikazama siku kumi baadaye, cha mbele kikavutwa kwa kamba, kikashika moto, kikazama Julai. Felicity Ace iliungua Februari 2022 karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari kama 4,000 hivi, ikaelea karibu wiki mbili ndo ikazama tarehe 1 Machi. Katika siku kama hizo mwenye mzigo hajui kama amepoteza chote au la, na bado anatakiwa afanye hatua zinazofuata kama vile amepoteza. Na kama meli imepotea tu, haina mawasiliano, haijaonekana, sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo hati nyingi sana za bima duniani zinaifuata, inaruhusu ihesabiwe imepotea kabisa baada ya muda wa kutosha kupita bila habari. Muda wenyewe haukutajwa kwa siku, unategemea mazingira.

Hatua ya 2: toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi

Simu piga, ila simu siyo taarifa. Andika imeili kwa bima au broka wako, namba ya hati ya bima, namba ya BL, namba ya kontena, jina la meli, kwa ufupi ulichosikia na ulikosikia, kisha sema unahifadhi haki zako zote za kudai. Basi. Kama huna hati ya bima mkononi ila una cheti cha bima ulichotumiwa na muuzaji, geuza uangalie nyuma au chini kabisa, kuna jina la wakala wa klemu wa kwenda kwake, huyo ndo wa kumwandikia.

Usianze kuandika sababu za meli kuzama. Watu wanapenda sana kuandika "nasikia ilizidishiwa mizigo" au "naona ilikuwa mbovu toka zamani", na sentensi hiyo moja inakuja kukutesa, maana bima akiona ulijua kabla ya kupakia kwamba meli haifai kwenda baharini ana kifungu cha kukunyima. Wewe hukuwepo baharini, andika ulichonacho tu.

Hatua ya 3: nani hasa mwenye haki ya kudai

Hapa ndo pana ugomvi mwingi kati ya mnunuzi na muuzaji. Mnunuzi anasema mzigo haujanifikia arudishe hela yangu. Kama mlinunuliana kwa FOB, CFR au CIF (masharti ya mauziano yanayosema nani analipia nini na hatari inahama wapi), hapana, hatari ilishahama toka mzigo ulipowekwa ndani ya meli kule ulikopakiwa, kwa hiyo ukizama umezama ukiwa wa kwako kwa upande wa hatari, na muuzaji bado anakudai hela yake yote. Kwa CIF muuzaji ndo alikata bima lakini ni kwa ajili yako, hakikisha cheti kimesainiwa nyuma kuhamishia haki kwako. Kwa FOB bima ni juu yako mwenyewe. CFR ndo mtego, muuzaji analipa nauli ya meli halafu mnunuzi anadhani na bima imo, haimo, na siku ya kuzama ndo kila mmoja anamwangalia mwenzie.

Sasa rudi kwa yule anayekataa dokumenti benki. Kama malipo ni kwa LC, yaani barua ambayo benki inaahidi kumlipa muuzaji akileta karatasi zilizotajwa, benki inashughulika na karatasi, haishughuliki na mzigo, karatasi zikiwa sawasawa benki inalipa hata kama meli iko chini ya bahari. Na bili zote za BL za asili ziko kwenye bahasha hiyo hiyo, pamoja na cheti cha bima. Bila hiyo bahasha huna klemu. Nenda lipa, chukua, ndo uanze kudai. Inauma ila hakuna njia nyingine.

Hatua ya 4: angalia herufi

Bima nyingi za mizigo zinaandikwa kwa vifungu vya Institute Cargo Clauses, na kuna A, B na C. A ni pana, inashika kila kitu isipokuwa vilivyotajwa kuwa havimo. C ndo nyembamba na ndo ya bei ya chini, na muuzaji wa CIF akiachiwa achague mwenyewe anaruhusiwa kukukatia C.

Habari nzuri ni kwamba meli kuzama, kupinduka, kukwama, kuungua moto au kugongana, vyote vimo hata kwenye C. Habari mbaya ni ile ya makontena kudondoka. Mwishoni mwa Novemba 2020 meli ONE Apus ilipigwa na mawimbi kwenye bahari ya Pasifiki makontena zaidi ya 1,800 yakaenda majini, meli yenyewe ikafika bandarini salama. Mtu wa A kwenye hali kama hiyo analipwa. Wa B ana kifungu cha mzigo kusombwa na mawimbi kutoka melini. Wa C hana kitu, maana C inashika mzigo uliotupwa makusudi kuokoa meli, haishiki uliosombwa. Mzigo ule ule, bahari ile ile, majibu tofauti. Kwa hiyo usiandike "meli imepata ajali mzigo umepotea" kwa jumla jumla, jua mzigo ulipoteaje na uandike kwa maneno yanayolingana na kifungu chako, mradi ni kweli.

Vita havimo kwenye A, B wala C, vinakatiwa bima yake pembeni. Rubymar ilipigwa kombora Bahari ya Shamu Februari 2024 ikiwa na mbolea, ikazama tarehe 2 Machi. Mzigo kwenye meli kama hiyo, hata ukiwa na A safi kabisa, bila nyongeza ya vita hati yako ni karatasi ya kufungia maandazi. Na hasara ya kuchelewa, yaani msimu umepita au mteja wako kakukimbia, hiyo usiiweke kabisa kwenye klemu, haimo hata kama kuchelewa kumeletwa na ajali yenyewe.

Hatua ya 5: mwandikie msafirishaji, na uangalie saa

Hii watu wanairuka kwa sababu wanawaza, si nina bima, nihangaike na kampuni ya meli ya nini. Unahangaika kwa sababu bima akishakulipa anataka kwenda kumdai msafirishaji yeye mwenyewe kwa haki zako, na hati ya bima inakulazimisha uzilinde hizo haki. Ukiziacha zikafa bima anaweza kukukata au kukugomea. Barua yenyewe fupi tu, tunakushikilia wewe kuwajibika kwa kupotea kwa mzigo wetu chini ya BL namba fulani, thamani kiasi fulani, ufafanuzi utafuata.

Saa sasa. Chini ya kanuni za Hague-Visby, ambazo ni kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini na BL nyingi zimeandikwa juu yake, una mwaka 1 tu wa kufungua kesi toka siku mzigo ulipopaswa kufika. Barua haisimamishi saa. Mazungumzo hayasimamishi saa. Imeili tamu za "tunashughulikia" hazisimamishi saa. Ni kesi iliyofunguliwa, au msafirishaji akubali kwa maandishi kukuongezea muda, na kuongezewa huko kuombwe mapema siyo siku tatu kabla. Nina mteja alikuwa na klemu nzuri kabisa, wakala wa msafirishaji akawa anamjibu kwa adabu miezi kumi na miwili, mwezi wa kumi na tatu adabu ikaisha. Kanuni za Hamburg zinatoa miaka 2, angalia BL yako iko chini ya zipi, ila we jifanye una mwaka mmoja.

Halafu hesabu ya msafirishaji ni tofauti na ya bima. Yeye halipi thamani, ana ukomo. Hague-Visby inasema vizio vya SDR 666.67 kwa kila kifurushi au SDR 2 kwa kila kilo, kinachozidi ndo kinashika, na SDR ni kile kipimo cha hela cha IMF. Chukua kontena la kilo 12,000 lenye katoni 800. Kama BL imeandika "kontena 1" basi hicho ni kifurushi kimoja, unaangukia kwenye kilo, SDR 24,000. Kama imeandika "kontena 1 lenye katoni 800", vifurushi ni 800 na ukomo unapanda mpaka zaidi ya SDR 533,000, yaani haukubani tena. Neno moja tu la karani wa upakiaji. BL za Marekani zina ukomo wao wa dola 500 kwa kifurushi. Kwa hiyo unapotengeneza BL zinazofuata, waambie waandike katoni.

Msafirishaji pia ana utetezi wa ajabu kidogo kwa mtu wa nje, chini ya Hague-Visby nahodha akikosea kuendesha meli ikazama, mwenye meli hawajibiki kwa mzigo. Ndio, kosa la nahodha wake linamwokoa. Na kwenye ajali kubwa mwenye meli anaweza kuweka mfuko mmoja mahakamani, wadai wote wanagawana humo, na mfuko una tarehe yake ya mwisho ya kuandikisha madai. Wale wasiokuwa na bima kabisa hapa ndo uwanja wao wote, wajiunge na wenzao wenye mizigo watafute mwanasheria mmoja wa baharini, peke yako gharama zinakula mzigo.

Hatua ya 6: bahasha

Kusanya hati ya bima au cheti cha asili, seti nzima ya BL za asili (zikiwa tatu ziwe tatu, siyo mbili na moja iko kwa shemeji), invoisi ya biashara, orodha ya vilivyopakiwa yenye uzito, uthibitisho wa malipo, risiti ya nauli, uthibitisho wa kupakiwa kutoka hatua ya 1, tamko la mwenye meli kwamba meli na shehena vimepotea, na nakala za barua zote ulizoandikiana na msafirishaji. Ripoti ya nahodha ya ajali ikipatikana iweke, isipopatikana usikae unaisubiri. Ripoti ya sevea, yaani mkaguzi wa mizigo, haiwezekani kwa kitu kilichoko kilomita tatu chini ya maji, na bima anajua hilo, akikuomba muulize kwa upole anataka sevea akakague nini.

Hatua ya 7: hesabu ya klemu

Hapa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Bima ya mizigo kwa kawaida ni ya thamani iliyokubaliwa, mara nyingi bei ya mzigo na nauli na bima yenyewe, ukijumlisha asilimia 10. CIF yako ikiwa dola 50,000 umekatiwa dola 55,000, na mzigo wote umepotea, unadai 55,000, huanzi kubishana bei ya soko ilikuwaje wiki ile. Toa kiasi cha kujibebea mwenyewe, yaani ile sehemu ya hasara ambayo bima hailipi, kama hati inacho. Nauli usitegemee kurudishiwa na kampuni ya meli, BL nyingi zina sentensi inayosema nauli inahesabika ni ya kampuni na hairudishwi, meli ifike isifike, ndo maana inaingizwa kwenye thamani ya bima. Ushuru ambao hukuulipa usiudai.

Na usipandishe. Invoisi ya bima ikiwa tofauti na ya forodha, hiyo siyo klemu tena, hiyo ni kesi.

Hatua ya 8: kama haijazama yote

Ikiwa sehemu ya mzigo imeokolewa, au meli inavutwa, unatakiwa ufanye kama mtu asiye na bima, yaani uokoe kinachookoleka kwa gharama ya busara, na gharama hiyo bima anakurudishia. Ukiona kuokoa na kusafirisha upya kutazidi thamani ya mzigo ukishafika, unaweza kudai kama umepotea wote, ila lazima uwape bima ilani kwamba unawaachia mali, na uitoe mapema, ukizubaa utahesabiwa hasara ya sehemu tu. Bima karibu kila mara wanajibu kwamba hawaipokei hiyo ilani. Usishtuke wala usiifute, kukataa kwao hakuharibu haki yako kama ilitolewa inavyotakiwa.

Kuna pia hasara ya kuchangiana. Meli ikiokolewa kwa gharama, wote waliokuwa na mali humo wanachangia, pamoja na yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Baada ya moto wa Maersk Honam mwaka 2018 wenye mizigo waliambiwa waweke dhamana ya asilimia 54 ya thamani kabla ya kuachiwa makontena yao. Mwenye bima anasaini ahadi ya kuchangia, bima wake anatoa dhamana, mzigo unatoka. Asiye na bima anaweka hela taslimu. Ila kama meli na shehena vyote vimekwenda chini hakuna kilichookoka cha kuchangia, mtu akikutumia madai ya kuchangia katika hali hiyo mpelekee broka kabla hujalipa hata senti.

Hatua ya 9: maswali ya bima

Watauliza, tena sana. Umri wa meli, nani aliichagua, ulimjuaje muuzaji, kwanini ulinunua bei ile. Siyo matusi, wana kumbukumbu ndefu. Mwaka 1980 meli ya mafuta Salem ilizamishwa makusudi pwani ya Afrika Magharibi, kumbe mafuta mengi yalikuwa yameshashushwa na kuuzwa kwa siri Afrika Kusini. Mwenye mafuta hakuwa na hatia kabisa, na bado mahakama za Uingereza ziliona bima ile inahusika na mafuta yaliyokuwa bado melini ilipozama tu. Ndo maana ule uthibitisho wa kupakiwa una uzito kuliko unavyodhani.

Ukishuku kwamba wanakuzungusha, omba kwa maandishi wakuambie wanasubiri kitu gani hasa na wanategemea kifungu kipi. Wakitaja meli mbovu, kumbuka kifungu hicho kinamhusu mtu aliyejua wakati wa kupakia, na kama ulinunua mzigo kwa nia njema na bima ikahamishiwa kwako hakikugusi.

Hatua ya 10: kusaini na kulipwa

Mwisho utaletewa karatasi ya kukabidhi haki zako kwa bima. Isome kiasi, jina la meli, namba ya BL. Ni halali na ni ya kawaida, ila kama ulikata bima pungufu ya thamani, au kuna kiasi ulichojibebea mwenyewe, hakikisha mwanasheria wa bima anayeenda kumdai msafirishaji anadai na hicho cha kwako kwenye kesi hiyo hiyo, na muandikiane mtagawana vipi atakachopata. Hilo lifanyike kabla ya ule mwaka mmoja kuisha, na usitupe ile bahasha, watakupigia tena kuiomba.